Jina la Muuzaji, Mstari wa Tatu

Moroni, 3 Februari 1987

Mdogo wangu Hadidja,

"Muuzaji ni yule mwenye sahihi na mashine ya teleksi. Mwenye maua ni mwenye maua tu." Hayo ni maneno ya binamu yetu Ibouroi. Aliyasema jana ofisini kwake, mbele ya karani na wateja wawili, huku anatafuna njugu. Nimeyakanusha palepale mpaka njugu zikamkwama, na nayakanusha tena hapa, ili wewe mwenyewe uone jinsi yalivyo mepesi.

Maua ya mlangilangi huchumwa alfajiri katika shamba la mama yetu, ambalo ni lako kwa sababu wewe ndiye binti. Hupikwa ndani ya mtungi wa shaba nyuma ya nyumba yako hapo Hombo. Anayeulinda moto usizidi wala usipungue ni wewe. Anayejua kwa pua, kabla kipimo hakijasema, kwamba mafuta ya daraja la juu yamekwisha na ya pili yameanza, ni wewe. Ibouroi anajua kubandika karatasi kwenye debe. Tangu lini mkunga akawa mama wa mtoto kwa kuwa yeye ndiye aliyetoka mlangoni kutangaza?

Na sasa mambo yamebadilika. Mnunuzi wa Marseille ameleta agizo: tangu mwezi ujao hapokei ankara ya karatasi. Kila ankara iende kwa teleksi, mistari kumi na miwili, kila mstari na kazi yake. Wa kwanza namba, wa pili tarehe, wa tatu jina la muuzaji, wa nne namba yake katika daftari la biashara, wa tano mahali alipo. Kule inasomwa na mashine, si na mtu. Mashine huwezi kuieleza kwamba sisi sote ni watu wa familia moja na tunaelewana. Jina litakaloingia mstari wa tatu ndilo muuzaji, mwaka huu na miaka ijayo, hata mimi na wewe tukiwa tumekwisha kuzikwa. Miaka minane, tangu waliponifukuza skulini na Ibouroi akanipa meza, ankara hizo naziandika mimi. Miaka minane mkono wangu unaandika uongo juu ya dada yangu.

Tena uko peke yako. Yule mumeo, nisiyetaka kumtaja jina, yuko Majunga, Madagaska, mwaka wa pili huu na hata salamu haleti. Basi karatasi zikutambue, ikiwa mume amekusahau. Nitakuandikisha. Sikuombi ruhusa, nakuarifu.

Roukia mke wangu anakusalimu. Anasema nipunguze ukali. Nimepunguza.

Kaka yako,
Soidri

*

Mutsamudu, 11 Februari 1987

Kaka Soidri,

Barua yako imefika. Bahasha ilikuwa imefunguliwa na kufungwa tena kwa gundi nyingi, kwa hiyo nakuandikia machache.

Naomba jina la muuzaji libaki la Ibouroi kama zamani. Sina kinyongo naye. Nyumba yangu haikuzoea wageni wala barua za Ulaya, na mimi nimekaa vizuri hivi hivi bila kutambulikana.

Mto una maji mengi mwaka huu, mtungi unapoa vizuri. Nimepata mtu wa kunikatia kuni. Shingo ya chombo ilikuwa inavuja, ameiziba.

Kaka, kwa maziwa tuliyonyonya, hili usilifanye. Najua utataka sababu, na utazipangua moja baada ya moja. Sababu ni kwamba nimekuomba.

Mdogo wako,
Hadidja

*

Moroni, 17 Februari 1987
Kwa mkono wa Housseini wa boti

Hadidja,

Wamezoea kufungua bahasha zetu wale mamluki wa Kizungu wenye sare nyeusi, basi hii nimempa Housseini. Ukiisoma usiichome, isome tena.

Nimeitafuta barua yako kila pembe nikimtafuta dada yangu ndani yake. Sikumwona. Nimemwona mwanamke aliyefundishwa kuomba radhi kwa kuzaliwa. "Nimekaa vizuri bila kutambulikana"! Wewe ndiye uliyemjibu mwalimu wetu wa Unguja, ukiwa na miaka tisa, kwamba hesabu yako ni sahihi na ubao ndio umekosea. Nani amekunyamazisha? Ibouroi? Amekutisha? Niambie, nikamtikise.

Jana nilikwenda kukuandikisha. Karani wa daftari la biashara, mwenye miwani iliyofungwa uzi, akaniuliza, "Mke wa nani?"

"Jina lake na la baba yake yanatosha," nikasema. "Andika."

"Fundi," akasema. Ndivyo tuitwavyo walimu huku, na huyu alikuwa mwanafunzi wangu. "Fundi, ulinichapa viboko vitatu kwa kuacha nafasi tupu kwenye zoezi. Leo nikuachie wewe?"

Foleni nzima ikacheka. Bibi mmoja nyuma yangu akaongeza, "Mtaje tu, baba. Mume si jipu la kufichwa chini ya nguo."

Nikawaambia mwanamke hauzi kwa mgongo wa mume. Nikawaeleza sheria, nikawaeleza dini, inayompa mwanamke mali yake mkononi mwake. Wakanisikiliza kama watu wanaosikiliza mvua. Karani akanionyesha: mahali pa mume pakiwa patupu, hakuna namba, bila namba, mstari wa nne mtupu, na mstari mtupu, mashine ya Marseille inaitupa ankara yote. Tulipigana mpaka adhana ya adhuhuri. Mwisho nikampa alichotaka: mke wa Houmadi bin Bacar, mzaliwa wa Ntsoudjini.

Nilijiuliza kama kuna hatari. Mamluki wanamtaka tangu zile karatasi za kuwapinga zilizosambazwa mwaka wa themanini na tano. Nikajijibu: wamtake. Yuko Majunga, hawamfikii. Jina la mtoro angalau limsaidie mkewe mara moja.

Sasa una namba. Furahi kidogo, inaruhusiwa.

Soidri

*

Mutsamudu, 24 Februari 1987
Kwa mkono wa Nafissa, asimpe mtu mwingine

Kaka,

Houmadi hayuko Majunga. Hajapata kwenda Majunga. Yuko hapa.

Ndiye mtu wa kuni. Ndiye aliyeziba shingo ya mtungi. Miaka miwili anakaa katika kibanda cha kupikia maua, analinda moto, na majirani wanajua nina kibarua bubu kutoka milimani. Nyusi zimeungua, mikono haina unywele hata mmoja, uso umekuwa mweusi wa masizi. Hata wewe usingemjua. Jioni mlango ukifungwa huwa ananisomea gazeti lililofungiwa chupa, la mwaka juzi, kama habari za leo, tukacheka.

Sikukwambia kwa sababu nakujua. Mdomo wako, kaka, hauna mlango. Ungelijua ungelimsifu mahali, na sifa zingelimuua.

Unajua kwa nini hawajampata? Wanamtafuta kwa jina la baba yake. Mara tatu wamepindua nyumba ya mzee Bacar huko Ntsoudjini, wakararua magodoro. Kwao mtu hukaa kwa babake. Baadaye wakaambiwa kwamba kwetu mume hukaa nyumbani kwa mkewe, wakaanza kuuliza mkewe ni nani. Hakuna aliyewajibu, na hakuna karatasi iliyowajibu, maana ndoa yetu aliifunga kadhi sebuleni kwa mama na haikuandikwa serikalini. Katika nchi hii yote hapakuwa na mahali ambapo jina langu na lake yamekaa mstari mmoja.

Sasa papo. Umepaandika wewe.

Sikulaumu, hukujua. Lakini nenda kwa yule karani ukafute. Mwambie ulikosea, mwambie nimeachwa, mwambie nimekufa. Na hiyo teleksi isiende. Jina liwe la Ibouroi, liwe la shetani, lisiwe langu.

Housseini ameendelea na safari, hateremki tena Moroni mwezi huu. Nafissa, jirani yangu, anapanda ndege kesho. Nimemwapisha akupe mkononi. Nitahesabu siku.

Hadidja

*

Moroni, 9 Machi 1987

Hadidja,

Umeninunia, sawa. Wiki tatu kimya. Lakini hii utaisoma ukiwa umesimama.

Alhamisi iliyopita Ibouroi alikuwa amekwenda Ntsoudjini arusini. Nilikaa mwenyewe kwenye mashine, nikapiga mistari kumi na miwili. Wa tatu: jina lako kamili, na la mumeo nyuma yake kama lilivyo daftarini. Wa nne: namba yako. Wa tano, maana wanataka mahali mzigo unapotoka hasa, nikaandika: Mutsamudu, Hombo, nyumba iliyo nyuma ya hospitali, kando ya mto. Baada ya muda mashine ikaanza kugonga yenyewe: IMEPOKELEWA. MUUZAJI AMETAMBULIWA.

Ametambuliwa, mdogo wangu! Nilitoka nje nikamnunulia karani wetu wa ofisini soda.

Ibouroi aliporudi akaona nakala, akakaa chini. Hakunigombeza, ndilo lililonishangaza. Aliuliza tu, "Nakala ya pili wameshaichukua?" Nikamwambia ndiyo, Jumamosi, kama kawaida, wale wa sare nyeusi huchukua nakala ya kila teleksi. Wasome! Wajifunze nani anayelisha nchi hii. Akavaa koti akaondoka. Leo nasikia amepanda boti kuja kwenu. Amekasirika kwa ajili ya jina lake, nadhani. Akija kukusumbua, mfungie mlango.

Muuzaji wangu, nakusalimu.

Soidri

*

Mutsamudu, 19 Machi 1987
Kwa mkono wa nahodha

Soidri,

Mimi si mwandishi kama wewe, nitakueleza kama ilivyokuwa.

Boti yetu iliharibika mashine, tukakaa kisiwani Mwali siku saba. Nilifika Mutsamudu jana, Jumatano, saa nne asubuhi. Niliwakuta wamekwisha kuzingira. Magari mawili. Mzungu mwenye ndevu nyekundu alisimama mlangoni kwa Hadidja na nakala ya teleksi yako mkononi, akaisoma kwa sauti, mstari wa tatu, wa nne, wa tano, kama mtu anayenadi mali. Kisha akauliza kupitia mkalimani, "Muuzaji ni nani hapa?"

Hadidja akasema, "Mimi."

"Na mume wa muuzaji?"

"Yuko Majunga."

"Na yule?"

"Kibarua wangu. Bubu. Mwacheni, moto utazimika."

Wakamshika Hadidja mkono, wakaupinda nyuma. Hapo bubu akasema. Alisema, "Mwachieni mke wangu. Houmadi ni mimi." Wakampakia. Hadidja alikimbia nyuma ya gari mpaka darajani, kichwa wazi, na watu wote wa Hombo wamesimama.

Mimi nilijua tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyemleta Houmadi kisiwani, katikati ya magunia ya mchele. Sikukwambia kwa sababu mkewe alinikataza. Uliponiuliza mbele ya karani na wateja wawili muuzaji ni nani, ulitaka nikujibu nini? Nilisema upuuzi ulionijia mdomoni. Na usinifanye mtakatifu: jina lile kuwa langu lilinifaa pia, miaka yote. Lakini tangu themanini na tano lilikuwa ukuta. Wewe umeuvunja kwa sababu ulikuwa mchafu.

Usije huku. Hataki.

Ibouroi

*

Moroni, 21 Machi 1987
Kwa mkono wa Nafissa

Hadidja,

Nafissa alinijia juzi, siku moja baada ya wao kumchukua Houmadi. Barua yako ilikuwa imekunjwa mara nane ndani ya kanga yake. Alipofika Moroni aliambiwa dada yake yuko Vouvouni anaumwa sana. Akaenda, akamuuguza, akamzika, akakaa matanga. Ulimwapisha anipe mimi mkononi, basi hakumtuma mtu. Vouvouni, Hadidja. Mwendo wa asubuhi moja kutoka mezani kwangu. Wiki tatu barua hiyo ilikuwa karibu nami kuliko sabuni ya kunawia, na mimi naandika makala kichwani kuhusu ushindi wetu. Nafissa alilia mpaka nikamwomba yeye msamaha.

Nina jambo ambalo Houmadi hakukwambia, maana kama angelikwambia usingelinijibu hata barua ya kwanza. Zile karatasi za themanini na tano, anazotafutiwa, hakuziandika yeye. Yeye alizichapa tu usiku mmoja kwa mashine ya stensili. Niliyeziandika ni mimi. Kila neno. Lile la "mamluki ni mbwa aliyekodiwa, hajui hata jina la nyumba anayoilinda", ni langu, na nililipenda sana. Chini sikutia jina. Nilisema jina la mwandishi si muhimu, muhimu ni ukweli. Wakaikamata mashine, wakajua ni ya nani. Yeye akakimbia na mimi nikabaki na meza yangu, chai yangu, hasira zangu. Miaka miwili amechoma nyusi zake kwenye moto wako ili asinitaje.

Na mimi nikamwita mtoro. Nilimwandika hivyo kwa wino, nikakutumia.

Sijui niseme nini. Nimeandika sentensi hii mara nyingi kuliko ulivyodhani naweza. Nambie nije.

Soidri

*

Mutsamudu, 2 Juni 1987

Soidri,

Sikujibu kwa sababu nilikuwa na safari. Sasa zimekwisha.

Nilikwenda langoni kwa mamluki hapa Mutsamudu siku saba, na chakula. Siku sita walikipokea. Siku ya saba walilirudisha bakuli likiwa limejaa, wakasema amepelekwa Moroni. Nikaja Moroni, sikukuambia, nililala kwa jamaa zake Ntsoudjini. Langoni kule wakaangalia daftari wakasema hatuna mtu wa jina hilo, hatujapata kuwa naye. Mpishi mmoja akaninong'oneza kwamba yuko, anakohoa. Mwingine akaniambia, "Mama, usilete tena chakula," akageuza uso. Ramadhani yote nimekwenda na kurudi. Idi nimeiswali njiani.

Mzee Bacar anataka kumsomea hitma mwanawe. Nimemkataza. Kisha nikamruhusu. Kisha nikamkataza tena, na mzee akalia mbele ya watu kwa sababu yangu.

Unajua eda ya mjane: miezi minne na siku kumi, ndani, bila manukato, bila rangi. Inahesabiwa tangu siku aliyokufa mume. Nimekwenda kwa mafundi wa dini wawili. Wote wananiambia ningoje yakini. Yakini iko wapi? Nikiingia edani, nimemzika mimi kwa mkono wangu, labda akiwa hai anakohoa. Nikikaa nje, na amekufa, basi natembea barazani na kichwani nimejitia mafuta kama mke mwenye mume. Kila asubuhi navaa nguo bila kujua mimi ni nani ninayevaa.

Mtungi nimeuzima. Maua yanaoza shambani, Hombo yote inanukia. Siwezi kuyagusa: ikiwa niko edani ni haramu kwangu, na ikiwa siko edani siwezi vilevile.

Marseille imeleta barua. Mashine imeniandika "Bwana". Inasema mafuta yangu ni mazuri na inaniuliza kama jina na anwani bado ni sahihi.

Utataka kujua kama nimekukasirikia. Ndiyo. Usije. Lakini kama ule ukali wako umebakia hata kidogo, usiutumie kwangu wala kwa Ibouroi. Nitafutie siku. Siku moja tu, nijue.

Hadidja

*

Moroni, 7 Julai 1987
Kwa posta

Hadidja,

Barua hii nimeitia posta makusudi, bahasha nyepesi, gundi kidogo. Nilikuwa na wiki tano. Nimekwenda kila lango, kila ofisi, kwa kila mtu niliyepata kumfundisha kusoma. Wengine walinikumbatia kwanza, kisha wakaniomba nisije tena. Jana ilikuwa siku ya uhuru, na wale wa sare nyeusi walisimama kwenye gwaride letu kama wenye nyumba. Niliwatazama mmoja mmoja usoni, nikitafuta yupi anajua.

Nimefanya hesabu ambayo hukuniomba. Kama walimuua siku ile walipolirudisha bakuli, basi eda yako inakwisha mwezi ujao, na hukujua kama imeanza. Utakuwa umetoka katika ujane bila kuuingia. Sikuweza kukaa na hesabu hiyo peke yangu.

Sasa nyamaza kidogo, mdogo wangu, niseme na wale wanaoisoma hii kabla yako.

Wewe mzungu unayeishika bahasha, na wewe mwenzetu unayemfasiria. Najua upo, Kiswahili hiki hakijifasiri chenyewe. Mfasirie neno kwa neno, usimlambie asali. Karatasi za mwaka wa themanini na tano niliziandika mimi, Soidri bin Maoulida, mwalimu mliyemfukuza. Houmadi bin Bacar hakuandika hata herufi. Mnaishika sasa sahihi yangu. Nifanyieni mtakalo, nipo nyumbani kwa mke wangu Roukia, sitakimbia. Hilo silo ninalowadai.

Ninachowadai ni tarehe. Kama Houmadi yu hai, chukueni kalamu mwandike chini ya barua hii kwamba yu hai, na yuko lango gani, ili mkewe ampelekee chakula. Kama mmemuua, andikeni siku mliyomuua na mahali mlipomfukia, ili mwanamke huyu avue mapambo, akae chini, aanze kulia kwa hesabu. Hamhitaji kutia jina lenu. Andikeni siku tu. Kisha ifungeni bahasha, muipeleke Hombo, kwa Hadidja. Njia mnaijua.

Soidri bin Maoulida